Koti Moja, Rangi Tatu: Kisa cha Picha za Hafla Zilizopotoka Rangi

Usuli

Taasisi moja iliandaa hafla ya kuwatunuku wafanyakazi wake vyeti. Shughuli ilianza alasiri ikaisha usiku, yote ndani ya ukumbi mmoja. Ubavu wa kushoto wa ukumbi ulikuwa na madirisha makubwa. Darini zilipangwa taa za tyubu za zamani, na jukwaani palifungwa taa za LED zinazobadilika rangi, nyuma yake pazia zito jekundu kutoka ukuta hadi ukuta. Washiriki wote walivaa sare: koti la kijivu juu ya shati jeupe.

Picha zilipigwa na watu wawili wenye kamera za kampuni tofauti. Mpiga picha mkuu alihifadhi faili ghafi, yaani data ya kamera kabla haijachakatwa. Mizani ya weupe, mpangilio unaoiambia kamera mwanga una rangi gani ili kitu cheupe kitoke cheupe, aliiacha kwenye otomatiki. Msaidizi wake alihifadhi JPEG, picha ambayo kamera imeshaichakata. Kazi ya kusafisha picha ilikabidhiwa mhariri wa tatu ambaye hakufika ukumbini. Mimi niliingia baadaye, mteja alipokwisha kuzikataa picha, nikaombwa nizipitie faili na historia ya marekebisho yake.

Maelezo yanayoweza kuwatambulisha wahusika yameondolewa.

Jinsi mambo yalivyokwenda

Alasiri, kabla wageni hawajaingia, msaidizi alijaribu kamera chini ya balbu ya manjano kwenye chumba cha maandalizi. Aliweka mizani ya weupe kwenye alama ya balbu na hakuirudisha. Alipohamia upande wa madirisha, kamera iliendelea kuamini kwamba mwanga ni wa balbu, yaani karibu Kelvini 3000 (kwenye kipimo hiki cha rangi ya mwanga, namba ndogo ni manjano, kubwa ni bluu), wakati mwanga wa mchana ulioingia ulikuwa kwenye 5500 au zaidi. Picha zake zote za saa ya kwanza zikatoka za bluu. Kioo kidogo cha nyuma ya kamera kiliionyesha bluu hiyo, lakini ukumbini mtu hutazama kama uso umetoka na macho yako wazi, kisha anaendelea na kazi.

Kamera ya mpiga picha mkuu ilikuwa na shida ya namna nyingine. Otomatiki hukadiria rangi ya mwanga kwa kuitazama fremu nzima, na makadirio ya aina hii, hasa yale ya zamani, hudhani kwamba rangi zote za mandhari zikichanganywa zitakaribia kijivu. Pazia jekundu liliivunja dhana hiyo. Kila lilipojaza fremu, kamera ilidhani mwanga wenyewe ni mwekundu, ikavuta picha upande wa sayani, bluu yenye kijani iliyo kinyume cha nyekundu, na nyuso zikapauka. Alipogeuza lenzi kuelekea viti vya wageni, rangi ilirudi mahali pake. Picha mbili zilizopigwa sekunde chache tu kupishana zikawa na koti la rangi mbili.

Mhariri alipozipokea picha alifanya kazi usiku. Alianza na kitufe cha otomatiki cha programu, hakuridhika, akachukua kidondoshi cha rangi, zana ya kuionyesha programu kitu kisicho na rangi, na kubofya shati jeupe la mtu aliyekaa karibu na dirisha. Picha hiyo ilimpendeza, kwa hiyo akanakili thamani zake na kuzibandika kwenye faili zote za kamera kuu. Kwa JPEG za msaidizi alisukuma kitelezi cha halijoto kuelekea manjano hadi bluu ikapungua. Faili zilitumwa asubuhi.

Mteja alijibu siku hiyohiyo. Koti la sare, alisema, ni la kijivu, lakini kwenye albamu lipo la zambarau, la kijani na la bluu. Mgeni rasmi anaonekana mgonjwa. Na picha zilizowekwa kwenye tovuti ya taasisi zimefifia kuliko zile alizotumiwa kwa simu.

Tulichokikuta ndani ya faili

Kabla ya kufungua picha hata moja tulitazama skrini. Kompyuta ya mhariri ilikuwa imewashwa hali ya usiku, ile inayopunguza bluu ili macho yapumzike. Skrini iliyotiwa manjano humfanya mhariri aone manjano ambayo haimo kwenye faili, naye huifidia kwa kuongeza bluu. Jicho nalo halisaidii, kwa sababu huzoea mwanga wowote unaodumu mbele yake kwa muda: baada ya nusu saa skrini ya manjano huonekana nyeupe, na uwezo wa kuhukumu umeshapotea bila mtu kujua. Hali ya usiku ikazimwa, skrini ikawekwa kwenye nyeupe ya Kelvini 6500, kiwango kinachotumiwa na sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida wa skrini na tovuti, na taa ya manjano ya mezani ikazimwa pia.

Kisha kidondoshi. Shati jeupe lilionekana chaguo salama, kumbe lilikuwa mtego. Sabuni nyingi za kufulia na vitambaa vingi vyeupe vina kemikali za kung'arisha ambazo hufyonza mionzi ya urujuanimno na kuitoa tena kama mwanga wa bluu. Karibu na dirisha mionzi hiyo ipo ya kutosha, kwa hiyo shati hurudisha bluu ya ziada. Programu inapoambiwa kwamba bluu hiyo ndiyo nyeupe halisi, huongeza manjano picha nzima. Karatasi nyingi za ofisini zina tabia hiyohiyo, kwa hiyo cheti mkononi mwa mshindi nacho hakifai kupimia.

Hapa ndipo ilipoeleweka kwa nini picha hazikupotoka upande mmoja. Skrini ilimvuta mhariri kwenye bluu, shati likamvuta kwenye manjano, na pazia lilikuwa limeshaipotosha kila fremu kwa kiasi chake. Thamani moja iliyobandikwa juu ya mkusanyiko huo haikuwa na picha ya kuifaa zaidi ya ile ilikotoka.

Vipi kuhusu koti la kijivu? Nilishawishika nalo, na mhariri aliniuliza kwa nini hakulibofya hilo badala ya shati. Kijivu cha nguo ni mchanganyiko wa rangi za kiwandani. Jicho linaweza kuuona ni kijivu chini ya jua, huku kihisi cha kamera kikiuona umeelekea wekundu au zambarau chini ya taa nyingine. Vitambaa vya sintetiki vyeusi na vya kijivu vinajulikana kwa ukorofi huu. Koti linafaa kukaguliwa mwishoni, maana mteja ataliangalia hilo kwanza, lakini halifai kuwa kipimio.

Tulichokipata cha kuaminika ni turubai la projekta, jeupe lisilong'aa, lililopigwa na taa za darini peke yake kwenye picha kadhaa za usiku ambazo projekta ilikuwa imezimwa. Katika sehemu yake iliyo kwenye kivuli, thamani, kwa kipimo cha 0 hadi 255, zilisomeka nyekundu 118, kijani 131, bluu 112. Kwenye kitu kisicho na rangi namba hizi tatu zinapaswa kulingana. Kijani kimezidi, bluu imepungua kidogo. Hiyo ni alama inayozitambulisha taa za tyubu: mvuke wa zebaki ndani yake hutoa mstari mkali wa kijani kwenye nanomita 546, na mstari huo hauondoki kwa kusogeza halijoto pekee.

Kitelezi cha halijoto huvuta picha kati ya bluu na manjano. Kijani hushughulikiwa na kitelezi cha pili, kile cha kijani na majenta (waridi iliyokolea, kinyume cha kijani), ambacho wengi hukiruka kwa sababu kwenye picha za nje mara nyingi hakihitaji kuguswa. Mhariri alikuwa amekiacha kwenye sifuri kwenye kila faili.

Kuna jambo la halijoto linalowachanganya hata wazoefu. Mwanga wa Kelvini 7500 ni wa bluu, lakini ukisogeza kitelezi hadi 7500 picha huwa ya manjano. Namba hiyo ni maelezo unayoipa programu kuhusu mwanga uliokuwapo, nayo hujibu kwa kufanya kinyume chake. Ukiiambia mwanga ulikuwa wa bluu, itaongeza manjano. Mtu akishalielewa hili huacha kubahatisha, anauliza tu: taa iliyompiga huyu mtu usoni ilikuwa ipi?

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kufuta marekebisho yote na kuzipanga picha upya kwa kufuata mwanga, bila kujali kamera wala ratiba ya hafla. Yakatoka makundi manne: dirisha peke yake, dirisha na tyubu kwa pamoja, tyubu peke yake usiku, na jukwaa. Katika kila kundi ilichaguliwa picha moja yenye uso ulio wazi na kitu kisicho na rangi karibu yake, ikasawazishwa kwa namba, kisha thamani zake zikanakiliwa ndani ya kundi hilo tu.

Kundi la tyubu lilikuwa jepesi. Turubai lilitupa halijoto na kiasi cha majenta, na kwa kuwa faili zilikuwa ghafi hakuna kilichopotea: mizani ya weupe kwenye faili ghafi ni vizidishio vya nyekundu na bluu ambavyo programu huvitumia kabla haijaijenga picha. Kamera ingeweza kuandika chochote, data ya kihisi ilibaki vilevile.

Dirisha na tyubu kwa pamoja ndilo kundi lililochukua muda. Mtu ameketi, shavu la kushoto lina mwanga wa mchana na la kulia lina mwanga wa taa. Ukisawazisha kwa taa, shavu la dirisha linakuwa la bluu. Ukisawazisha kwa dirisha, upande wa pili unakuwa wa kijani na manjano. Hakuna thamani moja iliyo sahihi kwa picha hiyo, na programu yoyote inayodai kuipata inakupa wastani usiomfaa yeyote. Mhariri ndiye anayeamua nani awe sahihi. Tuliamua sahihi iwe ni uso wa mhusika mkuu wa kila picha, upande ule ulio na mwanga mwingi zaidi.

Upande uliobaki ulirekebishwa kwa maski, yaani eneo lililotengwa ili lirekebishwe peke yake, na brashi yenye halijoto yake, lakini kwa nusu tu ya kiasi ambacho namba zilidai. Hili mhariri alilipinga. Alitaka mashavu yote mawili yalingane kabisa, na kwa namba alikuwa na hoja. Nilishikilia nusu kwa sababu dirisha linaonekana ndani ya picha. Mtazamaji akiliona anatarajia ubaridi kidogo upande huo, na ukiufuta wote uso unaonekana umebandikwa kutoka picha nyingine. Tulijaribu matoleo yote mawili kwenye picha moja, tukaenda na nusu.

Ngozi ndiyo ilikuwa hakimu wa mwisho wa kila kundi. Ngozi za watu hutofautiana sana kwa ung'avu na kwa ukolezi, lakini mwelekeo wa rangi yake, iwe nyeusi sana au nyeupe sana, hubaki katika ukanda mwembamba kati ya wekundu na manjano. Kwa namba za kawaida, nyekundu huwa juu, kijani hufuata, bluu huwa chini. Uso ambao bluu yake imepita kijani una kasoro ya rangi, hata kama shati lililo chini yake linasomeka jeupe kamili.

Ngozi nyeusi ina faida moja ambayo wahariri wengi hawaitumii. Mng'ao wa paji la uso au wa pua hurudisha mwanga jinsi ulivyo, bila kuchukua rangi ya ngozi. Ukikuza picha ukasoma thamani za mng'ao huo, mradi haujaungua hadi 255, unapata rangi ya taa yenyewe. Mgeni rasmi aliyeonekana mgonjwa alikuwa na mng'ao wa kijani dhahiri kwenye paji. Tuliusawazisha kwa kitelezi cha majenta, na hatukugusa ung'avu wa ngozi yake hata kidogo. Nasema hivi kwa sababu marekebisho ya kwanza yalikuwa yameufanya uso wake uwe mweupe zaidi, kana kwamba weusi ulikuwa sehemu ya tatizo. Mazoea hayo ni ya zamani: kadi za kupimia rangi ambazo Kodak ilizisambaza kwa maabara za kuchapa picha kwa miongo kadhaa zilikuwa na mwanamke mweupe kama kigezo cha ngozi, na kadi yenye wanawake wa rangi tofauti ilikuja katika miaka ya 1990.

JPEG za msaidizi zilihitaji njia tofauti. Humo mizani ya weupe imeshachomekwa ndani ya picha, na kila chaneli, yaani nyekundu, kijani au bluu, ina ngazi 256, ikilinganishwa na ngazi 16,384 za faili ghafi ya biti 14. Ndiyo maana katika programu ya Lightroom kitelezi cha halijoto cha JPEG hakionyeshi Kelvini, huonyesha namba kutoka hasi 100 hadi 100. Kurekebisha faili kama hiyo ni sawa na kunyoosha nguo iliyokwisha unguzwa na pasi: mikunjo itatoka, alama ya moto itabaki.

Alama ya moto hapa ilikuwa kwenye mashati. Bluu ilikuwa imefika 255 na kukatwa hapo, nyekundu ikiwa chini sana. Tulipozishusha chaneli za bluu na kuinua nyekundu kwa mistari ya toni, zana ya kupandisha na kushusha thamani za kila chaneli, sehemu za kati zilikaa sawa, lakini sehemu zilizong'aa zaidi za shati zikawa za manjano, kwa kuwa bluu iliyokatwa haikuwa na cha kurudisha. Dawa ilikuwa kutengeneza maski ya sehemu angavu peke yake na kupunguza ukolezi wa manjano humo. Kazi yote ilifanywa katika biti 16. Hilo halirudishi data iliyopotea, ila huzuia marekebisho yenyewe yasiongeze ngazi zinazoonekana kwenye kuta na anga.

Jukwaa tuliliacha mwisho. Taa ya LED ya zambarau ni bluu na nyekundu zilizowashwa pamoja; kijani karibu hakipo. Rangi ambayo mwanga haukuibeba haiwezi kurudishwa na kitelezi, kwa sababu haikufika kwenye kihisi. Picha muhimu chache zilifanywa nyeusi na nyeupe kwa kutumia chaneli iliyokuwa na data nyingi zaidi, mara nyingi nyekundu. Nyingine ziliachwa na zambarau yake kama taa za maonyesho, tukizipunguza ukolezi tu ili nyuso zipate kusomeka.

Na ile ya tovuti? Faili zilitolewa katika Adobe RGB, mfumo wenye upana mkubwa zaidi wa rangi, bila kubeba wasifu wake, yaani maelezo ya mfumo uliotumika. Tovuti ilizisoma kama sRGB, rangi zikafifia. Zilitolewa upya katika sRGB, wasifu ukiwa ndani.

Matokeo

Mteja alizikubali picha za tyubu na za dirisha bila maoni. Kwenye picha za dirisha na tyubu alirudisha chache ambazo bluu ya shavu ilimsumbua, nazo tukaziongezea joto. JPEG za msaidizi zilikubaliwa kwa matumizi ya tovuti, lakini mteja alipotaka kuchapa moja kwa ukubwa wa bango, punje za kelele kwenye vivuli, mahali nyekundu ilipoinuliwa sana, zilionekana wazi. Picha hiyo ilibadilishwa na nyingine ya kamera kuu.

Uchambuzi

Ukipima uzito wa makosa, sidhani kama ustadi wa programu ndio uliokosekana. Mhariri alivijua vitelezi vyake. Kilichoiharibu kazi ni kunakili thamani za picha moja kwenye picha zenye mwanga tofauti, na kuhukumu rangi kwa skrini iliyobadilishwa rangi. Yote mawili huzuilika kabla picha ya kwanza haijaguswa.

Kadi ya kijivu, ile isiyo na rangi inayopigwa picha ili kupimia mwanga, ingefupisha sehemu kubwa ya kazi hii, kwa sharti ambalo husahauliwa: ishikwe pale uso utakapokuwa, ikitazama upande ambao uso utatazama. Kadi iliyopigwa mlangoni haisemi lolote kuhusu viti vya dirishani. Mwanga wa dirisha ulipotoweka jioni ingebidi ipigwe tena. Kwa ukumbi wenye pazia kama lile, mpiga picha mkuu angefanya vizuri kuifunga mizani kwenye thamani moja. Hata thamani isiyo kamili, ikiwa imetulia, hurekebishwa kwa kundi zima mara moja, wakati otomatiki inayoyumba humlazimisha mhariri kugusa fremu mojamoja.

Kuhusu nusu ya marekebisho kwenye mashavu, malalamiko ya mteja yanampa mhariri haki kwa sehemu. Nusu ilifaa pale dirisha lilipoonekana ndani ya fremu. Zile alizozirudisha karibu zote zilikuwa za karibu, zimekatwa hadi dirisha limetoka, na bila dirisha bluu ya shavu haina maelezo. Kiasi cha kurekebisha kilipaswa kuamuliwa baada ya kukata picha. Sisi tuliamua kabla.

Jambo moja lilibaki bila kumalizika. Kamera mbili za kampuni tofauti, zikiwekwa Kelvini ileile na majenta ileile, hazitoi rangi ileile, maana vichujio vya rangi juu ya vihisi vyake havifanani. Mizani ya weupe hulinganisha kijivu tu. Wekundu wa pazia uliendelea kutofautiana kati ya picha za mkuu na za msaidizi hata baada ya turubai kusomeka sawa kwenye zote. Tofauti hiyo huondolewa kwa wasifu wa rangi wa kila kamera, faili ya kuzisahihisha rangi zake, unaotengenezwa kwa kupiga picha ubao wa rangi 24 chini ya mwanga wa ukumbi wenyewe. Ubao haukuwapo, kwa hiyo kwenye albamu tulijitahidi kutoweka picha za kamera mbili za jukwaani kwenye ukurasa mmoja.